Kifundo Kisichozunguka

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumapili, mwanangu Kiptoo, nikiwa nimesimama kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga rafiki yangu Ochieng', hapa hapa Eldoret, nikimtazama akiweka filamu kwenye kamera yake. Alifunga kifuniko cha nyuma, akavuta kile kijiti cha kusogeza filamu, mara ya kwanza, mara ya pili. Macho yangu yalikuwa upande wa kushoto wa kamera, kwenye kifundo kidogo cha kurudishia filamu ndani ikishakwisha. Filamu ikiwa imekamata vizuri, kifundo hicho huzunguka chenyewe kila unapovuta kijiti. Siku hiyo hakikuzunguka. Niliona, nikanyamaza.

Lakini naona nimeanzia katikati, ndivyo tulivyo wazee. Wacha nirudi nyuma, na wewe usome pole pole, hii si meseji ya kupitisha kidole.

Jumamosi iliyopita, kundi letu la picha lilipokutana pale mkahawani Elgon View, Nafula alikuuliza mbele ya watu wote ulivyoipata ile picha ya wanariadha wakikimbia kwenye ukungu, kila mguu ukionekana wazi. Yeye zake za wakimbiaji hutoka zimetikisika, na alisema hivyo bila kuona haya. Ukatabasamu ukamwambia, "Aah, ilikuwa luck tu, si unajua." Mimi nilikuwa pembeni na chai yangu iliyopoa. Wiki moja kabla ya hapo ulikuwa umenipigia simu ukanieleza kwamba ulienda barabara ile asubuhi nne mfululizo, ukajua mahali pa kulala kifudifudi, ukajua na kasi ya kuweka kwenye kamera. Bahati ilitoka wapi? Sikukukemea pale, kwa sababu kijana akikemewa mbele ya wenzake husikia aibu tu, nasaha haisikii. Ndiyo maana nakuandikia.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa karani katika duka la mbolea na mbegu mjini. Wazazi wangu walikuwa wakulima kule Ainabkoi. Baba alihamia huko kutoka Murang'a akiwa kijana, akakaa, akazeeka huko. Kamera yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na kila baada ya wiki mbili, Jumamosi mchana, tulikuwa tunakutana watu saba katika chumba cha nyuma cha kanisa ambacho mchungaji alituazima. Tulifunga kamba kutoka dirisha hadi mlango, tukatundika picha zetu kwa vibanio vya nguo. Aliyetuongoza alikuwa Mzee Lelei, mwalimu aliyestaafu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo.

Mzee Lelei alikuwa na sheria moja. Kila mtu alete picha mbili, moja iliyofaulu na moja iliyoharibika. Ile nzuri, alituambia, ni ya kututamanisha. Ile mbaya ndiyo ya kutufundisha. Ukishatundika, unasimama na kusema yote: ilikuwa saa ngapi, jua lilikuwa wapi, uliweka namba gani, ulikosea wapi. Kuna mmoja wetu aliyeleta picha ya maarusi waliokatwa vichwa wote wawili, tukamcheka mwaka mzima. Lakini hakuna aliyekata mtu kichwa tena baada ya siku ile. Sasa nikitazama kundi letu la kwenye simu naona picha nzuri tupu, mia kwa mia, na chini yake vidole gumba na mioto. Nazitazama peke yangu hapa sebuleni, na wakati mwingine natamani mtu mmoja tu alete picha yake mbovu ili tupate la kuongea.

Sheria hiyo mwanangu, mimi nilikuwa nimeivunja kimya kimya. Miezi michache kabla ya ile Jumapili nilipiga picha harusi ya binamu yangu, filamu nzima, na haikutoka hata moja. Fundi wa studio ndiye aliyenieleza. Ncha ya filamu haikukamata ndani, kwa hivyo nilikuwa nabonyeza bure, filamu imelala kwenye kopo lake kama mtu mvivu. Akanionyesha kifundo cha kushoto. "Ukivuta na hiki hakizunguki, fungua uweke upya," akaniambia. "Usiendelee." Hiyo ndiyo iliyostahili kutundikwa kwenye kamba yetu. Badala yake nilileta ya mbuzi aliyegeuza kichwa, watu wakacheka kidogo, ikapita. Niliona aibu kukiri kwamba karani mzima amehudhuria harusi akipiga hewa. Kwa hivyo katika watu wale, ukiondoa Mzee Lelei mwenyewe, ni mimi peke yangu niliyejua habari ya kifundo.

Sasa Ochieng'. Ochieng' alitoka upande wa ziwa, kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani, na vidole vyake vilinukia mafuta ya mashine hata Jumapili. Alikuwa rafiki yangu wa kweli, wa sahani moja. Wikendi moja nilimpeleka nyumbani Ainabkoi apate hewa na maziwa. Asubuhi baba alikuwa akimimina maziwa kwenye madebe ya kupeleka barabarani, ukungu bado uko chini, na Ochieng' akapiga picha moja, moja tu. Jumamosi iliyofuata akaitundika.

Mzee Lelei aliifungua kwenye kamba, akaenda nayo dirishani, akakaa nayo muda mrefu. Hakuwahi kufanya hivyo kwa picha yangu hata moja. Katika picha ile baba ameinamisha kichwa, sikio karibu na mdomo wa debe, anasikiliza linavyojaa. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia na alijua debe limejaa kwa sauti. Mimi nimezaliwa mle, nimelelewa mle, na kamera nimekuwa nayo miaka mitatu. Sikuwahi kuliona sikio lile.

"Huyu mzee ni nani?" Mzee Lelei akauliza.

"Ni baba ya Njoroge," Ochieng' akajibu, na akanitazama kwa furaha, kama mtu aliyekuletea zawadi.

Wote walipiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kinachouma, na sitakipamba jina. Ilikuwa husuda. Mtu amekuja nyumbani kwetu, amekula chakula chetu, amemwona baba yangu kuliko mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hicho kilichonila kilikuwa ndani ya shati langu mwenyewe.

Wiki ile ile mama yake Ochieng' alikuja kumtembelea, mara yake ya kwanza kufika Eldoret. Alikuwa mama mzee, mwembamba, mcheshi kama mwanawe. Hakuwa na picha yoyote duniani isipokuwa ile ya kitambulisho, na hiyo aliichukia. Ochieng' alinunua filamu mpya ya picha thelathini na sita, zote za mama. Akaniita Jumapili baada ya ibada ya kwanza nije nimsaidie, kwa sababu kamera yangu ilikuwa kwa fundi na yeye hakutaka niketi nyumbani bure. Unaona moyo wake.

"Njoro, simama hapa uone," aliniambia akifungua kamera. "Leo sitaki makosa."

Nilikuwa karibu naye hivi, mwanangu, umbali wa mkono. Kifundo hakikuzunguka. Maneno yalikuwa mdomoni: fungua uweke upya. Maneno matatu. Na nikajiambia, huyu fundi wa kuona masikio, wacha naye aonje kidogo. Nilidhani atapoteza picha mbili tatu, ataona mwenyewe, nitacheka. Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ni kweli, lakini mimi siku hiyo ulimi wangu haukujikwaa. Ulikaa tu.

Mama alikataa kuketi kwenye kiti. "Mimi nataka picha ya kutembea," alisema. "Ile ya kitambulisho nilikaa kama mtu ameshikwa na polisi." Akatembea basi, kutoka lango hadi shamba la mahindi la jirani, akirudi, akibeba mjukuu wake, mtoto wa Ochieng', akicheka, akitishia kumpiga mpiga picha na mkoba. Ochieng' alikuwa anarudi nyuma nyuma mbele yake, anabonyeza. Namba za juu ya kamera zilikuwa zinahesabu kama kawaida. Zilipofika thelathini na sita, kijiti kikaendelea kuvutika. Akapiga ya thelathini na saba. Akapiga ya thelathini na nane. Akanigeukia, uso wote unang'aa. "Njoro, hii filamu imeniongezea mbili."

Wakati huo ningeweza bado kusema. Kulikuwa na jua, na filamu ilikuwa nzima ndani ya kopo, haijaguswa hata kidogo. Ningesema, tungeiweka upya dakika hiyo, mama angetembea tena na kutucheka. Lakini sasa ningeulizwa, ulijuaje? Na mbona hukusema mwanzoni? Kosa la kwanza lilikuwa limekaa mlangoni linazuia la pili kurekebishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi niliusimamia ufa ukipanuka.

Jumatatu mama alipanda basi akarudi kwao. Jumamosi yake Ochieng' alikuja chumbani kwetu na filamu iliyosafishwa. Ilikuwa safi kama maji. Namba ndogo za pembeni zilikuwepo, moja hadi thelathini na sita, na kila dirisha halikuwa na kitu. Aliitundika kwenye kamba yote, ndefu, kama sheria ilivyotaka. Yeye aliitii sheria.

Mzee Lelei akaeleza habari ya kifundo, kila mtu akasikia. Kisha akauliza, "Ulipoweka filamu ulikuwa na nani?"

"Na Njoroge."

"Njoroge, hukuona?"

"Sikuona, Mzee," nikasema.

Watu walipoondoka alinibakisha nimsaidie kukusanya vibanio. Hakupandisha sauti, hakuwa na sauti ya kupandisha. "Wewe ni mpiga picha," alisema. "Kuona ndiyo kazi yako. Usiniambie tena hukuona." Akaendelea, "Huyo mama bado yuko hai. Chukua kamera yako, enda kwao, mpige picha akitembea. Enda mwezi huu. Halafu mwambie rafiki yako ukweli, mkiwa na picha mkononi. Hiyo ndiyo dawa, na hakuna nyingine."

Asiyesikia la mkuu, mwanangu, unajua mwisho wake. Si kwamba nilikataa. Nilikubali, na nikaahirisha. Mwezi huo dukani kulikuwa na msimu wa mbolea. Uliofuata barabara zilikuwa tope. Uliofuata nikasema kamera inahitaji kuangaliwa tena. Ochieng' hakuniuliza kitu kwa sababu hakujua kuna la kuuliza. Aliacha kuja Jumamosi. Alimwambia kila mtu kwamba mkono wake ni wa vyerehani, si wa kamera, akaiuza. Yule aliyeona sikio la baba yangu aliamini kwamba hajui kitu, na mimi nilikuwa namsikiliza akisema hivyo, nikimmiminia chai.

Mwezi wa nne mama yake akafa, ghafla, akiwa shambani.

Tulienda kuzika, mimi, Mzee Lelei na wengine wawili. Mbele ya jeneza waliweka picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso ukawa madoa madoa, macho yameduwaa, sikio moja limekatwa na ukingo. Ochieng' alinijia akiwa amevaa koti la kuazima. "Njoro," alisema, "wewe una kamera. Nipigie mama picha. Sina hata moja."

Nilimpiga mama yake picha ndani ya jeneza. Kabla ya kuanza nilivuta kijiti nikatazama upande wa kushoto, na kifundo kikazunguka, taratibu, vizuri kabisa. Picha zilitoka zote. Ndizo picha pekee nzuri alizo nazo Ochieng' za mama yake, na amelala, yeye aliyetaka ya kutembea. Mzee Lelei hakunisemesha njia nzima ya kurudi. Aliniacha stendi akaenda zake, na hakuwahi kunitaja tena habari hiyo hadi alipokufa.

Baba yangu alipofariki miaka mingi baadaye, unajua tuliweka picha gani mbele ya jeneza. Watu walisimama foleni kuitazama. Wajukuu ambao hawakumjua vizuri walisema, aah, kumbe babu alikuwa anasikiliza. Iko hapa ukutani ninapokuandikia. Ochieng' alinipa baba yangu. Mimi nilimnyima mama yake.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amenizeekea nyumbani. Ochieng' alihama Eldoret mwaka uliofuata mazishi, tukapotezana. Nilipata marafiki wengine, nilioa, nililea watoto wakaenda zao mijini mbali, nilimzika mke wangu. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu niliyemwambia, hata mke wangu. Mtu mwenye neno la namna hiyo ndani hukaa na watu kwa nusu. Wakicheka unacheka, wakikusifu unatafuta mlango. Nyumba hii ina vyumba vinne na ninatumia kikombe kimoja, na wakati mwingine nadhani upweke huu haukuanza mke wangu alipofariki. Ulianza kibarazani kwa Ochieng', nikiwa na rafiki umbali wa mkono.

Najua mnaniita Mzee Maelezo. Mtu akiuliza swali dogo kwenye kundi, namtumia sauti ya dakika saba. Akiuliza juu ya jua, namweleza na mvua. Mnacheka, na mna haki, hata mimi nikizisikiliza nachoka. Sasa umejua ni kwa nini siwezi kukaa kimya mtu akikosea mbele yangu. Nilikaa kimya mara moja, ikatosha.

Wiki mbili zilizopita nilipata namba ya Ochieng' kupitia binti yake. Haya niliyokuandikia wewe, kuanzia kile kibaraza, nilimwandikia yeye kwanza. Nilimtumia jana mchana. Baada ya muda mfupi tiki mbili zikageuka buluu, kwa hivyo amesoma. Hajajibu. Simu nimeibeba shambani nikipalilia sukuma wiki, nimeibeba kanisani, nimeiweka juu ya meza nikila. Pengine hatajibu, na nikijaribu kutafuta sababu ya yeye kujibu, siipati.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, Kiptoo, na nitaisema bila mafumbo. Ukijua kitu ambacho mwenzako anakihitaji, mwambie, na umwambie akiwa bado na filamu ndani ya kopo. Usidhani ukimfundisha atakupita. Akikupita, basi atamwona baba yako na kukuletea. Husuda itakuja, siwezi kukuombea isije, maana inakuja kwa kila mwenye macho. Ikija, fungua mdomo haraka kabla haijaketi. Na ukishakosea usingoje upate kamera nzuri, barabara nzuri, mwezi mzuri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo langu ndilo shahidi. Na Jumamosi ijayo ulete picha yako mbovu kuliko zote, uitundike mbele yetu. Mimi nitaleta ya harusi ya binamu yangu. Bado ninayo filamu yake, nyeupe tupu.

Kabla ya hiyo Jumamosi, mpigie Nafula. Mwambie habari ya zile asubuhi nne, mwambie mahali pa kulala na kasi ya kuweka, mwambie pia kwamba ulimdanganya. Hilo la mwisho ndilo gumu. Ukilisema leo ni dogo bado, atacheka, litaisha.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe marafiki wanaokuja kwako na picha za watu wako uliowazoea mpaka ukaacha kuwaona. Akuepushe na siri ya kuzeeka nayo. Ayalinde macho yako yasififishwe na wivu, na mdomo wako aupe nguvu ya kusema kile macho yameona, siku hiyo hiyo, mwenye haki ya kusikia akiwa bado amesimama karibu nawe. Amina.